Kubadilisha Dawa ya Saikosisi

Mgonjwa wa skizofrenia hubadilishiwa dawa kwa sababu mbili kubwa: dawa aliyonayo haijamletea nafuu, au imemletea nafuu na madhara yasiyovumilika. Sababu ya kwanza hutajwa mapema mno. Dawa hupewa wiki nne hadi sita, kwa dozi ya kutosha, ndipo ihukumiwe. Na si mara chache dawa "iliyoshindwa" huwa ni vidonge vilivyobaki kwenye pakiti.

Madhara ni jambo jingine. Haloperidoli, moja ya dawa za saikosisi, huweza kukakamaza shingo, kutetemesha mikono, au kumfanya mgonjwa ashindwe kukaa kitini, akienda na kurudi chumbani. Ndugu huona ugonjwa umezidi, na dozi ikiongezwa, mahangaiko huongezeka.

Huko Lutindi, katika milima ya Usambara wilayani Korogwe, wagonjwa wa akili walianza kupokewa mwaka 1904, wakati ambao hapakuwa na dawa ya kubadilisha. Kloropromazini, ya kwanza kati ya dawa za saikosisi, ilianza kutumika Ufaransa mwaka 1952. Leo dawa ni nyingi, na kuhama kunataka hesabu.

Njia ya kawaida ni kupishanisha. Anayetumia haloperidoli miligramu 10 anaweza kuanzishiwa olanzapini miligramu 5 usiku. Wiki inayofuata olanzapini ikapanda hadi 10, haloperidoli ikashuka hadi 5, kisha ikaachwa. Benzheksoli, inayozuia kukakamaa, huendelea siku kadhaa baada ya hapo. Kloropromazini ikikatwa ghafla huleta kichefuchefu, jasho na kukosa usingizi, dalili zinazodhaniwa kwa urahisi kuwa ni ubaya wa dawa mpya.

Sindano ya flufenazini ya mafuta, inayomfaa anayekaa mbali, tuseme Pangani vijijini, hudumu mwilini kwa wiki kadhaa. Hivyo vidonge vipya kwa kawaida huanza siku ambayo sindano inayofuata ingechomwa.

Olanzapini hunenepesha na huweza kupandisha sukari, kwa hiyo uzito na sukari hupimwa kabla ya kuanza. Moshi wa sigara hupunguza kiwango cha olanzapini mwilini. Mvutaji akiacha ghafla, dozi ileile inaweza kumzidi. Klozapini, ya wale walioshindikana kwa dawa mbili, huweza kushusha chembe nyeupe za damu, na kwa kawaida damu hupimwa kila wiki kwa wiki 18 za mwanzo.