Nani Hakuulizwa?

Mnunuzi wa mahindi aliyezoea soko hatazami mdomo wa gunia tu. Hulichoma ubavuni kwa chuma chake, juu, katikati na chini, akatoa punje chache kiganjani. Ajua kwamba mahindi mazuri yaweza kuwekwa juu na yaliyooza yakafichwa chini. Punje hizo chache zatosha kumpa habari za gunia zima, ila kwa sharti moja: ziwe zimetoka kila upande.

Basi, ndivyo ilivyo hata katika hesabu ya watu. Sensa ni kumwaga gunia lote na kuhesabu kila punje. Tanzania ilifanya hivyo mwaka 1967, wakaonekana watu 12,313,469. Na mwaka 2022 wakaonekana 61,741,120. Kazi hiyo ni kubwa, tena ya gharama, ndiyo maana hufanywa baada ya miaka kumi hivi. Lakini katikati ya miaka hiyo serikali yahitaji kujua watoto wangapi wana utapiamlo, au nyumba ngapi hazina maji safi. Hapo huchaguliwa nyumba chache kuwakilisha zote. Hizo ndizo sampuli.

Wengi husema, "Mimi sikuulizwa, hesabu hiyo ni ya uongo." Wasiwasi huo waeleweka, lakini ubaya wa sampuli si uchache wake. Sikilizeni yaliyotokea Marekani mwaka 1936.

Gazeti moja maarufu, Literary Digest, lilitaka kujua nani atashinda urais, Roosevelt au Landon. Likatuma karatasi zaidi ya milioni 10, zikarudi zaidi ya milioni 2. Likatangaza kwamba Landon atashinda. Bwana mmoja, George Gallup, aliyeuliza watu wapatao 50,000 tu, alisema ni Roosevelt. Siku ya uchaguzi Roosevelt alishinda katika majimbo 46 kati ya 48! Miaka miwili baadaye gazeti lile likaacha kutoka.

Lilikosea wapi? Majina mengi lilikuwa limeyatoa katika vitabu vya simu na orodha za wenye magari. Katika miaka ile ya dhiki, mtu aliyekosa kazi angepata wapi simu? Tena wengi walioandikiwa hawakujibu kabisa, na waliojibu hawakuwa sawa na walionyamaza. Gazeti lilichota juu ya gunia, likachota sana. (Gallup naye asijivune: mwaka 1948 alisema Truman atashindwa, Truman akashinda.)

Dawa yake ni kura. Nyumba zote za eneo huorodheshwa, kisha kura hupigwa. Mitume nao walipiga kura kumpata Mathiya, na kura haina mjomba wala shangazi. Kwa hiyo karani aliyepewa nyumba ya ng'ambo ya mto hana ruhusa kuuliza ile ya kando ya barabara kwa sababu mvua inanyesha. Huenda ile ya ng'ambo ndiyo isiyo na maji safi.

Nasi wenye nyumba tuna sehemu yetu. Wako wazazi wanaomficha ndani mtoto mwenye ulemavu karani afikapo. Katika sensa, mtoto huyo hayupo, na wanaopanga madarasa na walimu hawatampangia. Katika sampuli jambo ni zito zaidi, kwa kuwa nyumba moja yasimama badala ya mamia. Akifichwa huyo mmoja, wamefichika pia wenzake katika nyumba ambazo karani hatabisha hodi kamwe.