Kabla ya kupandisha tanga na watoto, fuata njia ya kila kamba

Jumamosi moja ya msimu wa kusi tulikuwa watu wanne ndani ya mashua yetu ndogo, katika ghuba ya Tanga. Upepo ukapiga ghafla, chombo kikalala upande. Nikafanya anachofanya kila mwenye tanga: nikaiachia demani, kamba inayotoka kwenye pembe ya tanga kubwa, ili upepo umwagike.

Kamba ikakimbia kidogo, kisha ikakwama. Maji yakaanza kuingia. Ndipo niliposikia, “Baba, mguu!”

Kamba iliyolala ovyo sakafuni ilikuwa imemzunguka binti yetu wa miaka minane kifundo cha mguu. Tanga lilikuwa likimvuta yeye. Nikageuza omo kuelekea upepo, tanga likapoteza nguvu, kamba ikalegea, mama yake akamtoa. Alama nyekundu ilikaa mguuni wiki nzima. Wote tulikuwa tumevaa jaketi za kujiokolea, lakini jaketi haimsaidii mtoto aliyefungwa na kamba.

Milingoti miwili, kamba nyingi

Mashua yetu ina mlingoti mkubwa mbele na mdogo nyuma, ule ambao mabaharia wa pwani huuita galme. Vyombo vya namna hii vinapendwa na wazazi. Mwingereza John Watkinson alipobuni Drascombe Lugger miaka ya 1960, chombo cha wazi cha milingoti miwili chenye urefu wa karibu mita 5.7, aliliacha tanga kubwa bila mti wa chini. Hakuna gogo la kumpiga mtoto kichwani tanga linapohama upande.

Lakini matanga matatu, yaani dogo la mbele, kubwa na la galme, yana kamba zake, na kila kamba inatafuta mahali pa kunasa. Tuliporudi ufukweni, mzee mmoja aliyezeekea kwenye majahazi alitusikiliza, akasema kosa si la mtoto wala la upepo. Akapanda chomboni, tukaanza upya.

Tulichobadilisha

*Jaribu ukiwa umetia nanga.* Upepo ukiwa mdogo, pandisha matanga, kisha vuta kila tanga kwa mkono kutoka upande mmoja hadi mwingine. Tazama kamba inagusa nini. Yetu ya mbele ilinasa kwenye kishikizo cha chuma mlingotini, na demani ilikuwa ikiangukia kichwa cha injini.

*Ziba pembe zinazonasa.* Kishikizo cha mlingotini tulikizungushia kipande cha mpira wa baiskeli. Injini tuliivika kitambaa laini kilichofungwa vizuri, ambacho huvuliwa kabla ya kuiwasha. Kamba sasa inateleza juu yake.

*Ondoa chuma kwenye pembe ya tanga la mbele.* Zamani tulifunga kamba mbili kwa pingu ya chuma. Tanga likipigapiga, chuma hicho kinaweza kumpasua mtu uso. Sasa tunatumia kamba moja ndefu: katikati yake inapitishwa kitanzi kwenye tundu la tanga, na ncha mbili zinakuja nyuma, moja kila upande. Hakuna fundo kubwa la kunasa kwenye kamba za mlingoti.

*Ipe kamba iliyobaki makazi.* Ndoo moja ya plastiki iliyofungwa pembeni inatosha. Demani inaingia humo yenyewe, haizungushwi mkononi wala haikanyagwi. Sakafu ni ya miguu tu.

*Usiifunge demani kwa fundo.* Ishike mkononi, au tumia kishikizo kinachoachia kwa mvuto mmoja. Fundo linalokazwa na upepo halifunguki kwa haraka. Kisu kikali kikae mahali ambapo kila mtu mzima anakifikia bila kutafuta.

Kamba ikinasa hata hivyo

Hapa ndipo galme inapokuwa rafiki wa familia. Geuza omo kuelekea upepo, teremsha tanga kubwa, kisha kaza kamba ya tanga la galme. Chombo kitasimama kikitazama upepo na kutulia, nawe utapata nafasi ya kufungua kilichonasa na kuwatuliza watoto. Fanyeni mazoezi siku ya shwari, ili siku ya upepo isiwe mara ya kwanza.

Baada ya tukio lile binti yetu alikataa kupanda chomboni kwa miezi miwili. Hatukumlazimisha. Alirudi alipopewa kazi yake mwenyewe: kabla hatujang’oa nanga, yeye ndiye anayepita kila kamba kwa kidole, kutoka pembe ya tanga hadi ndooni, kisha anatazama miguu ya kila mmoja wetu, yangu ikiwemo.

Mwezi uliopita alinisimamisha. Nilikuwa nimekanyaga demani bila kujua. “Baba, hatuondoki,” akasema.

Nikainua mguu.