Tunza Maua ya Ukanda wa Joto Msimu wa Baridi: Punguza Maji

Msanapiti uliopukutisha majani mwezi Julai huenda haujafa, umepumzika. Ukiumwagilia maji mengi ili uchipuke, unaweza kuuozesha mizizi. Kwa familia inayonunua maji ya boza, hiyo ni hasara mara mbili: maji yameisha na mmea umekufa.

Kwa nini hutokea

Msanapiti na bogenvilia ni wageni kutoka maeneo ya joto ya bara la Amerika. Mombasa mimea hii hustawi bila taabu. Kitengela na mji wa Kajiado ziko zaidi ya mita 1,500 juu ya usawa wa bahari, na kwa kila mita 1,000 za mwinuko hewa hupoa kwa takriban nyuzi 6. Kuanzia Juni hadi Agosti mmea hupunguza ukuaji na mizizi hunywa maji kidogo. Udongo wetu mweusi, unaonata ukilowa na kupasuka ukikauka, hushika maji kwa muda mrefu. Mizizi hukosa hewa, kisha huoza.

Wakazi wanashauriwa:

- Chimba udongo kwa kidole hadi sentimita 5. Ukiwa na unyevu, usimwagilie.
- Msanapiti usio na majani hauhitaji maji ya mara kwa mara. Haibiskasi hubaki na majani, hivyo ipe maji kidogo, asubuhi.
- Panda kwenye tuta la sentimita 30 lililochanganywa mchanga na mboji, ili maji yasituame.
- Hamishia vyungu upande wa kaskazini wa nyumba. Mwezi Julai jua huwa upande huo, nayo nyumba hukinga upepo wa kusi.
- Usitie mbolea wala kupogoa hadi joto lirudi mwezi Septemba.
- Maji ya visima vingi vya kaunti yetu yana chumvi. Ukiona ukoko mweupe kwenye chungu, tumia maji ya mvua uliyokinga.

Kabla ya kung'oa

Kwaruza gome kwa ukucha. Likiwa kijani ndani na tawi ni gumu, mmea u hai. Tawi likibonyea na kutoa maji, likate hadi sehemu nzima. Kipande kizima cha msanapiti kiache kivulini wiki moja kidonda kikauke, kisha kipande mwezi Septemba, kabla ya mvua za vuli.

Tahadhari kwa wafugaji

Oleanda ina sumu katika sehemu zake zote, hata majani yakikauka. Usitupe matawi yake mahali mbuzi, kondoo au ng'ombe wanapofika, wala usiyatumie kama kuni.

Kwa ushauri zaidi, muone afisa wa kilimo wa wadi yako.