Picha ya Nyumba ya Ibada Yataka Fundi

Bila shaka, msomaji, umewahi kupita kando ya bandari ya Dar es Salaam ukautazama mnara wa Kanisa la Kilutheri la Azania Front. Mwendo mfupi kutoka hapo lipo Kanisa Kuu la Mtakatifu Yosefu, lililojengwa kati ya mwaka 1897 na 1902. Siku za harusi na za Kipaimara jamaa hujipanga mbele ya majengo kama haya wapigwe picha ya ukumbusho. Lakini picha zikishatoka, mara nyingi mnara huonekana umelala kinyumenyume kama mnazi uliosukumwa na upepo, na ndani ya kanisa hakionekani kitu ila giza. Jengo halina kosa. Kasoro ni ya picha.

Yafaa tufahamu chanzo chake. Mpiga picha asimamapo karibu na ukuta na kuielekeza kamera juu, kilele cha mnara huwa mbali naye kuliko msingi. Kwa hiyo kilele hutokea chembamba, na kuta mbili huegemeana kama miguu ya ngazi. Dawa ya kwanza ni kurudi nyuma na kuishika kamera wima. Pasipo nafasi ya kurudi nyuma, acha uwazi wa kutosha pande zote za jengo, kwa sababu fundi atakapozinyosha kuta hizo kwa kompyuta itambidi akate kingo za picha.

Ndani ya jengo tatizo ni mwanga. Jicho la mwanadamu huweza kuyaona madirisha yenye kung'aa na pembe zenye kivuli kwa pamoja, lakini kamera haina uwezo huo. Ukitaka rangi za vioo, kuta huwa nyeusi. Ukitaka kuta, madirisha huwa meupe pe. Mpiga picha hodari huiweka kamera juu ya stendi ya miguu mitatu, akapiga picha tatu za mahali pale pale kwa viwango mbalimbali vya mwanga, kisha mhariri wa picha huziunganisha kuwa moja. Kazi hii si ngeni. Zama za filamu, mafundi wa studio walikuwa wakiukinga mwanga kwa mkono ndani ya chumba cha giza ili sehemu moja ya picha isiwe nyeusi kupita kiasi.

Huenda ukauliza: kwa nini nimlipe fundi, hali simu yangu yaweza kuipamba picha kwa kuguswa mara moja tu? Jibu ni kwamba simu hailijui jengo. Haijui kwamba ukuta ule ni wa chokaa nyeupe, na kwamba umanjano wake umetokana na taa. Fundi huuliza, hulinganisha, kisha hulirudishia jengo kile ambacho kamera imekipunguza. Hiyo ndiyo thamani ya ujira wake.

Hata hivyo, kurudisha kuna mpaka wake. Tuutazame msikiti wa Kizimkazi Dimbani, kusini mwa Unguja. Kwa nje ni jengo la kawaida, lakini kwenye kibla chake yamo maandishi ya Kiarabu ya mtindo wa Kufi, yaliyochongwa katika jiwe, yenye kutaja mwaka 500 wa Hijra, yaani 1107 wa Miladi. Herufi kama hizo huonekana vyema mwanga ukizipiga kutoka ubavuni. Mhariri aweza kuikoleza tofauti ya kivuli na nuru ili zisomeke. Lakini akishika kalamu ya kompyuta na kuikamilisha herufi iliyolika, amekwisha kuandika historia ambayo jiwe halikuiandika. Kadhalika ufa wa ukuta: ukifutwa ili picha ipendeze, wazee wanaotafuta fedha za ukarabati watanyimwa ushahidi wao.

Basi, ndugu msomaji, kabla ya kupiga picha omba ruhusa kwa imamu, padri au wazee wa kanisa. Usiingie na kamera wakati wa ibada, na msikitini vua viatu. Unapompa fundi kazi, mweleze kama picha ni ya kutundika sebuleni au ni ya kumbukumbu ya jengo. Ile ya sebuleni yaweza kuondolewa nyaya za umeme. Ile ya kumbukumbu isiondolewe hata msumari. Mwisho, dai upewe pia picha ya asili isiyoguswa, uihifadhi pamoja na tarehe na jina la mahali. Majengo huzeeka, na mengine hubomolewa. Siku hiyo ikifika, wajukuu watakaotaka kujua babu zao walisali mahali gani hawatakuwa na jingine la kutazama ila picha hiyo.