Nusu milimita ya mdomo

Aliyewahi kutembea pekupeku kwenye mchanga mkavu anaijua mbigili. Mmea unatambaa chini kwa unyenyekevu, maua yake ya manjano yanapendeza, lakini miiba yake haina adabu. Nikiwa natafuta habari nyingine kabisa, nilisoma kwamba katika visiwa vya Galápagos, huko Ekuador, mbigili ndiyo iliyoamua chiriku yupi aishi na yupi afe. Tangu siku hiyo jambo hili halijanitoka kichwani.

Tunda la mbigili likikomaa huachana vipande vitano. Kila kipande kina miiba kwa nje, halafu ukuta mgumu kama ubao, na mbegu chache zimejificha ndani. Chiriku mwenye mdomo mnene hukibana kipande, hukisokota mpaka pembe moja iachie, kisha huchokoa mbegu moja moja. Mwenye mdomo mwembamba hujaribu, hushindwa, huenda zake kutafuta mbegu ndogo zilizo laini. Mwaka wa mvua hapungukiwi na kitu, maana mbegu laini zimejaa tele.

Mwaka 1977 mvua ilikataa. Peter Grant na mkewe Rosemary, wanabiolojia wenye asili ya Uingereza, walikuwa na bahati (kama inafaa kuiita hivyo) ya kuwa tayari na vipimo. Tangu 1973 walikuwa wakipiga kambi Daphne Major, kimojawapo cha visiwa hivyo, jiwe lililochomoza baharini, halifiki hata nusu kilomita ya mraba, wala halina maji ya kunywa. Waliwakamata chiriku, wakawavisha pete miguuni, wakawapima urefu, upana na unene wa mdomo, kisha wakawaachia. Kazi ya kuchosha, wala haina mbwembwe.

Mbegu laini zililiwa zikaisha. Zikabaki mbigili. Chiriku wa kati, aina iliyokuwa na ndege wapatao 1,200 katikati ya 1976, walibaki kama 180 mwanzoni mwa 1978. Wale mafundi wa vipimo waliporudi kwenye daftari zao waliona kwamba kifo hakikuokota ovyo: walionusurika walikuwa na midomo minene zaidi, kwa wastani wa takriban nusu milimita. Watoto wao nao walirithi midomo hiyo.

Nusu milimita! Ukiichora kwa penseli, mstari wenyewe unaimeza.

Habari za Darwin na safari yake ya 1835 kwenye visiwa hivyo tumezisoma shuleni. Yeye aliamini kwamba uteuzi wa asili, yaani mazingira kuamua nani aishi na azae, huenda polepole mno kiasi kwamba binadamu hawezi kuuona ukifanya kazi. Hapa akina Grant wanamsahihisha kwa upole: unaonekana, ilimradi mtu akubali kukaa. Na hoja yao kubwa, waliyoichapisha mwaka 2002 baada ya miaka 30 ya vipimo, ni kwamba mwelekeo wake hautabiriki. Mvua kubwa za El Niño za 1983 zilizidisha mimea yenye mbegu ndogo, mbigili ikafunikwa, na safari hii wenye midomo midogo ndio waliopata nafuu. Ukame wa 2003 hadi 2005 ungetarajiwa kurudisha yale ya 1977. Haukufanya hivyo. Chiriku wakubwa, aina nyingine, walikuwa wamehamia kisiwani tangu miaka ya 1980, wakazitafuna mbigili nyingi. Chiriku wa kati wenye midomo minene, waliozitegemea mbigili hizo hizo, wakafa njaa. Sifa ile ile iliyowaokoa babu zao ndiyo iliyowaponza.

Nawaonea huruma ndege hawa, nakiri, ingawa sayansi haitaki huruma. Na bado najiuliza: mdomo ukinenepa leo na kupungua kesho, ni lini mvutano huo huzaa aina mpya kabisa ya ndege, na ni lini unaishia pale pale ulipoanzia? Joto la dunia likizidi kuvuruga mvua, nani atabaki kisiwani?

Akina Grant walipima mpaka 2012, takriban miaka 40. Utafiti wa miaka mitatu, ambao ndio wafadhili wengi hukubali kuulipia, ungeukuta ukame mmoja au mvua moja, na ungerudi na jibu lisilo sahihi.