Je, wajua GPS hupimaje mwendo wa Mhadza?

Pikipiki ikikujia kwa kasi kwenye barabara ya vumbi ya Yaeda Chini, mlio wake ni mwembamba; ikishakupita, unashuka na kuwa mzito. Dereva hajagusa gia. Kwa kasi ya kilomita 60 kwa saa, mlio wa kuondoka huwa chini ya ule wa kuja kwa karibu asilimia 10. Pikipiki inapokaribia, kila wimbi la sauti hutolewa likiwa karibu nawe kuliko lililotangulia, hivyo mawimbi hukufikia yamesongamana. Inapoondoka, yanaachana.

Christian Doppler wa Austria alilieleza jambo hili mwaka 1842, tena akiwaza nyota na rangi zake, wala si sauti. Mwaka 1845 Mholanzi Buys Ballot aliwapandisha wapiga tarumbeta kwenye treni, akapanga wanamuziki kando ya reli wasikilize. Noti ilibadilika kama ilivyotabiriwa.

Mawimbi ya redio ni ndugu wa mwanga, nayo hayakwepi kanuni hiyo. Tarehe 4 Oktoba 1957 Wasovieti walirusha satelaiti ya Sputnik, ikawa inalialia angani kwa mawimbi yapatayo milioni 20 kwa sekunde. Vijana wawili wa maabara moja ya Marekani, William Guier na George Weiffenbach, walitega redio wakaona namba hiyo inapanda chombo kikija na kushuka kikienda, tofauti ya mawimbi mia kadhaa tu kwa sekunde. Kutokana na kupanda na kushuka huko peke yake wakakokotoa njia nzima ya Sputnik. Mkubwa wao, Frank McClure, akaligeuza swali: kama tukiijua njia ya satelaiti, si tutajua msikilizaji yuko wapi? Hapo ndipo ulipozaliwa mfumo wa Transit wa kuongoza manowari, mtangulizi wa GPS.

Sasa turudi kwa Wahadza, wawindaji na wakusanyaji wa kaskazini mwa Tanzania, ambao Bonde la Yaeda ni sehemu ya nchi yao, na ambao hawakuhitaji satelaiti kufika kwenye mizizi, ubuyu wala asali. Watafiti ndio waliohitaji. Waliwaomba wavae vidude vidogo vya GPS wanapotoka kambini, na mwaka 2012 Herman Pontzer na wenzake wakachapisha walichokipata: wanaume walitembea wastani wa kilomita 11.4 kwa siku, wanawake 5.8.

Wengi hudhani satelaiti ndiyo inayomtazama mtu. Haimtazami, wala haijui kama yupo. Ikiwa kilomita 20,200 juu, hutangaza tu saa yake na njia yake, kwa mawimbi milioni 1,575 kwa sekunde. Kazi yote hufanywa na kidude. Muda ambao mawimbi yametumia njiani hukipa mahali. Kasi hukipata kwa kanuni ya Doppler, na hapa ndipo penye ufundi. Satelaiti inakimbia karibu kilomita 4 kwa sekunde, na mbio hizo peke yake zaweza kuhamisha namba ya mawimbi kwa kiasi cha 5,000 hivi kwa sekunde. Mtu anayetembea mwendo wa kawaida akiielekea huongeza mawimbi 6 tu. Sita, ndani ya milioni 1,575! Kidude huondoa sehemu ya satelaiti, kwa kuwa njia yake imetangazwa, kisha hulinganisha satelaiti nne au zaidi ili kuondoa kosa la saa yake yenyewe ya bei rahisi. Kinachobaki ni miguu ya mtu.

Hata hivyo, kikisoma sifuri hakisemi kama mwenye nacho anachimba mizizi, anasikiliza nyuki au amekaa kivulini. Ndiyo maana watafiti wenye busara hufuatana na watu, hawaishii kwenye ramani. Ramani nayo hufundisha: mwaka 2014 David Raichlen na wenzake walitumia njia za Wahadza 44 kuonyesha kwamba karibu nusu ya matembezi yao ya kutafuta chakula yana mpangilio mmoja: vipande vifupi vingi, kisha mara chache kipande kirefu kwenda eneo jipya. Mpangilio wa aina hiyo ulikwisha kuonekana kwa papa na kwa nyuki.