Kazi ya ordinatere nyumbani, watoto kando: nani anashika mtoto saa ya kazi?

Jirani akiona mama ao baba iko nyumbani saa nne ya asubuhi, anafikiri ule mtu hana kazi. Anamuletea mtoto: "Unishikie uyu kidogo, naenda sokoni." Shangazi naye anapita kusalimia, anakaa mpaka chakula cha midi. Kumbe ule mtu iko kwenye kazi. Ripoti inangojewa Kinshasa mbele ya jioni, na mtoto wake mwenyewe anamuvuta kitenge.

Kufanyia kazi nyumbani si kitu cha jana tu. Watu wengi walikionja mwezi wa tatu 2020, wakati serikali ilifunga masomo juu ya Covid-19. Darasa nyingi zilirudi mwezi wa kumi tu. Kisha vita ikafika ndani ya Goma mwezi wa kwanza 2025 na ndani ya Bukavu mwezi wa pili. Mabanki yakafunga, biro zingine pia, na wafanyakazi wakabakia nyumbani na ordinatere na telefone. Leo kuna mwenye kutafsiri maandiko ya Kifaransa kwa Kiswahili, mwenye kuandika maneno ya maojiano yaliyorekodiwa, mwenye kushika hesabu za shirika, na mwenye kuuzisha nguo ao mafuta kwa njia ya WhatsApp.

Faida iko: hakuna pesa ya moto ya kila siku, na mzazi anaona mtoto wake akikomaa. Lakini kuna ulizo moja ambalo familia nyingi hazijibu mbele ya kuanza: saa ya kazi, nani anashika mtoto? Kama hakuna jibu, wawili wanalipa: mwenye kazi anapoteza mkataba, ao mtoto anapata hatari. Na mara nyingine wa tatu analipa, ule binti mukubwa wa nyumba.

Saa ya shefu si saa ya nyumba

Jambo la kwanza ni saa. Mashariki ya Kongo inatangulia Kinshasa saa moja. Mkutano ambao Kinshasa wanaweka saa sita ya muchana (12h00), huku ni saa saba (13h00). Ndiyo saa watoto wa masomo ya asubuhi wanaingia na njaa, wakitupa masakoshi. Mkutano wa Kinshasa wa saa kumi na moja (17h00), huku ni saa kumi na mbili ya jioni (18h00): giza linaingia, watoto wanaoga, mbabula inawaka.

Kwa wenye kutumika na watu wa Bruxelles ao Genève, wakati wa joto kule tuko saa moja sawasawa; wakati wa baridi wanabaki nyuma yetu saa moja. Wenye kutumika na New York wajue kwamba asubuhi ya kule, saa tatu (9h00), huku ni saa tisa ao saa kumi ya muchana, kufuatana na majira.

Kwa hiyo, mbele ya kukubali kazi, heri kuandika saa mbili kandokando: yao na yetu. Kisha kumuambia shefu mapema: "Mikutano iwe mbele ya saa sita ya huku." Shefu wengi hawakatali jambo kama hilo, hawakulifikiria tu, sababu hawajui masomo ya huku yanatoka saa ngapi. Na kama mtoto anasoma vakasio ya muchana, hesabu inageuka: iko nyumbani asubuhi yote.

Jambo la pili ni umeme. Bukavu inapata umeme wa Ruzizi, Goma iko na ule wa SNEL na wa Virunga Energies, lakini kukatikakatika kunajulikana kila fasi. Katika avenyi zingine umeme unarudi usiku, wakati watu wengi wamelala. Mama anaamuka saa saba ya usiku kuchaji na kuandika, na saa kumi na mbili ya asubuhi mtoto ameamuka. Ukifanya hivyo siku mbili, unaweza. Ukifanya mwezi muzima, mwili unakataa, na mtoto ndiye anapokea hasira. Inafaa kuchaji vyote mara umeme unaporudi, kushusha maandiko yote wakati reso iko muzuri, kisha kuandika bila intaneti. Hivyo mega zinabakia kwa kutuma tu.

Gawanya kazi mara tatu

Kazi zote hazifanane. Kuna kazi ya sauti: mikutano, kupigia watu telefone, kusikiliza rekodi. Hiyo inaomba kimya, na mtu mukubwa mwingine ashike mtoto. Kuna kazi ya kichwa: kuandika ripoti, kutafsiri, kufanya hesabu. Hiyo inaenda wakati mtoto analala ao iko ku masomo. Na kuna kazi ya mukono: kujibu ujumbe, kupanga picha, kuandika majina kwenye liste. Hiyo inawezekana na mtoto akicheza karibu.

Wengi wanakosa hapa. Mtoto analala, mama anakimbilia kujibu ujumbe na kufua. Mtoto anaamuka, ndipo anafungua ripoti. Inafaa kugeuza: usingizi wa mtoto ni wa kazi ya kichwa tu. Vyombo vinaweza kungojea.

Tufanye hesabu ya nyumba moja ambamo kuna mtoto wa miezi nane. Tuseme analala mara mbili muchana, kila mara saa moja na kidogo. Hiyo ni saa mbili na nusu. Koko akikuja kumushika saa mbili, jumla ni saa nne na nusu. Basi, anayemuahidi shefu saa nane kwa siku anaahidi kitu ambacho hana. Heri kusema saa nne na kuzitimiza, kuliko kusema nane na kuomba samahani kila jioni.

Ekuteri ndani ya masikio, mbabula inje

Mtoto anayetambaa hangojee mkutano uishe. Mbabula yenye makala, termose ya maji ya moto, bidoni, waya wa kuchaji, vyote viko chini, sawasawa na urefu wake. Na mtoto mudogo anaweza kuzama hata ndani ya basani yenye maji kidogo. Mwenye ekuteri masikioni hasikie kitu. Kwa hiyo, kabla ya kila mkutano: basani imwangwe, bidoni zifunikwe, mbabula iwe fasi ambayo mtoto hafike, na mtu mwenye akili timamu amushike. Kumufungia mtoto ndani ya chumba peke yake si kumuchunga.

Wengine wanampa telefone ili anyamaze. Shirika la afya duniani, OMS, lilitoa muongozo mwaka 2019: mtoto ambaye hajatimiza mwaka moja asiwekwe mbele ya ekra hata kidogo, wa miaka mbili mpaka mine, isipite saa moja kwa siku, na ikipunguka ni muzuri zaidi. Sufuria ya zamani, kijiko na vifuniko vya chupa vikubwa ambavyo hawezi kumeza vinamuchezesha vizuri, na havikule mega.

Binti mukubwa si yaya

Katika nyumba nyingi, jibu la haraka ni binti wa miaka kumi ao kumi na mbili: "Leo usiende ku masomo, ubaki na mudogo wako, niko na mkutano." Siku moja inakuwa wiki, wiki inakuwa muhula. Katiba ya 2006, katika kifungu cha 43, inasema masomo ya msingi ni ya lazima na ya bure katika masomo ya serikali, na bure hiyo ilianza kutumika mwezi wa tisa 2019. Kazi inayolisha nyumba lakini inamutoa binti darasani, inachukua kesho yake kwa kulipa leo. Ni vilevile kwa msichana wa kazi: sheria ya tarehe 10 mwezi wa kwanza 2009 juu ya ulinzi wa watoto inasema kila mutu ambaye hajafika miaka 18 ni mtoto.

Kwa hiyo ulizo linarudi kwa wakubwa. Baba yuko wapi? Kama anarudi saa kumi, mkutano wa saa kumi na moja ni zamu yake kushika mtoto, na haiitwe "kusaidia bibi". Ni mtoto wake. Tukumbuke: Code de la famille ya 1987 iliomba bibi apate ruhusa ya bwana mbele ya kufanya kazi. Sheria ya mwezi wa saba 2016 ilitosha ruhusa hiyo. Leo bwana na bibi wanapashwa kusikilizana. Na kusikilizana si juu ya mkataba tu, ni juu ya nani anaogesha mtoto pia.

Majirani wawili ao watatu wenye kazi ya namna moja wanaweza kupeana zamu: leo watoto wote kwa mama fulani saa tatu mpaka saa sita, kesho kwa mwingine. Haiombe pesa, inaomba kuheshimu saa.

Sheria inaingia hata nyumbani

Mwenye mkataba wa kazi hapoteze haki zake sababu anatumikia sebuleni. Code du travail ya 2002 inaweka mwisho wa saa 45 kwa wiki na saa 9 kwa siku. Mama aliyezaa iko na likizo ya wiki 14, na theluthi mbili ya mushahara. Anayenyonyesha iko na haki ya mapumziko mawili ya nusu saa kila siku. Kwa hiyo, ujumbe wa shefu wa saa ine ya usiku unaweza kungojea asubuhi.

Lakini wengi wanalipwa kwa kila kazi, bila mkataba wa mfanyakazi, na kwao hizo haki hazijileti. Wao wanapashwa kuandika wenyewe, hata kwa ujumbe mufupi mbele ya kuanza: kazi ni gani, itaisha siku gani, pesa ngapi, italipwa namna gani, na umeme ukikosekana siku mbili itakuwa namna gani. Na kwenye bei waweke mega, chaji, na kitu kidogo cha ule anayebaki na mtoto. Asipohesabiwa kwenye bei, kuna mtu ndani ya nyumba anafanya kazi hiyo bure, na mara nyingi ni ule mwenye sakoshi ya masomo.